Kuonekana na Madereva Usiku Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waendesha Baiskeli na Wakimbiaji

Giza la Nairobi huanza saa ngapi hasa?

Mapema, tena ghafla. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika 18 jioni. Februari huchelewa hadi karibu saa moja kasoro robo. Kwa kuwa tuko jirani na ikweta, jua hushuka wima, na likishazama hubaki mwanga wa dakika 20 hivi, basi. Anayefunga kazi saa kumi na moja na nusu Industrial Area akaelekea Kahawa kwa baiskeli ataondoka mchana na kufika gizani. Alfajiri nako, mkimbiaji anayetoka saa kumi na moja atakuwa gizani mwezi wowote wa mwaka. Washa taa unapoondoka. Ukingoja mpaka uone giza, utakuwa umechelewa dakika kumi au zaidi, kwa sababu macho yako huzoea giza polepole huku dereva aliye nyuma ya kioo chenye vumbi akiwa ameacha kukuona zamani.

Mimi naliona gari likiwa mbali sana. Kwani dereva hanioni?

Huo ndio mtego wenyewe. Wewe unatazama taa mbili kali. Yeye anatazama kitu cheusi kwenye lami nyeusi, na kinachomfikia machoni ni ule mwanga mdogo tu unaogonga nguo zako na kumrudia. Watu hudhani wanaonekana kwa umbali mara mbili au tatu ya ule wa kweli, na hata wenye miaka mingi barabarani hukosea hapo.

Fanya hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha mjini, gari hukata mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki, mita 21 zimeisha breki hata haijashika. Kusimama kwenyewe kwenye lami kavu kutakula mita 14 nyingine. Jumla ni mita 35. Kwa kilomita 80 jumla inafika karibu mita 70. Sasa, taa zilizodimiwa humwonyesha dereva mtu wa nguo nyeusi akiwa umbali wa mita 30 hivi, na kama kioo ni kichafu ni chini ya hapo. Hata anayeendesha kwa kasi halali hana nafasi ya kutosha.

Nguo nyeupe haitoshi? Na ile jaketi ya manjano ya watu wa boda?

Nyeupe ni afadhali kuliko nyeusi, lakini umbali inaokuongezea haumtoshi dereva wa mwendo wa 80.

Kuhusu jaketi, watu huchanganya vitu viwili. Kitambaa cha manjano au chungwa kinachowaka mchana hupata ukali wake kwa kubadilisha miale ya jua isiyoonekana kuwa rangi. Usiku miale hiyo haipo, na taa za barabarani hazina ya kutosha kuifidia. Chini ya zile taa kuukuu za rangi ya chungwa, manjano hiyo hugeuka kijivu tu. Kinachofanya kazi usiku ni ule mkanda wa kijivu-fedha ulioshonwa juu ya kitambaa. Una vishanga vidogo sana vya kioo, au vipande vya plastiki vyenye pembe za prizimu, vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Jaketi isiyo na mkanda huo, au ambayo mkanda wake umechubuka ukawa kama kitambaa cha kawaida, ni vazi la mchana.

Nitajuaje kama mkanda ni mzima au ni wa kubahatisha?

Tundika jaketi ukutani usiku, rudi nyuma hatua 30, washa tochi ya simu na uishike shavuni, karibu kabisa na jicho. Mkanda mzuri utalipuka mweupe kana kwamba una betri. Mbovu utaonekana kijivu hafifu. Usiishike tochi kifuani: mwanga hurudi ulikotoka, kwa hiyo ukiwa mbali na jicho utaikataa jaketi nzuri bure. Fanya hivyo hivyo dukani kabla ya kulipa. Jaketi nyingi za bei ya kutupa zina utepe uliopakwa rangi ya fedha tu, wala haurudishi chochote.

Zilizotengenezwa kwa EN ISO 20471, kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kuonekana, huwa na lebo ndani. Mkanda wake una upana wa angalau milimita 50, na jaketi ya daraja la 2 lazima iwe na mita za mraba 0.13 za mkanda unaoakisi. Mitumba ya Gikomba huwa na jaketi za mafundi wa Ulaya za namna hiyo, lakini angalia lebo ya ufuaji: mkanda huhesabiwa kwa idadi ya mara inazoweza kufuliwa, na ile uliyoishika huenda ilishazimaliza kabla haijapanda meli.

Kama nina tepu ya kuakisi kidogo tu, niiweke wapi?

Kwenye vifundo vya miguu. Ikibaki, magotini. Ikibaki tena, kwenye vifundo vya mikono. Kifua na mgongo vije mwisho, ingawa ndiko karibu kila mtu huanzia.

Dereva hahitaji kujua tu kwamba mbele kuna kitu kinachong'aa. Nairobi usiku imejaa vitu vinavyong'aa: vibao, vyuma vya kando ya barabara, mkokoteni wenye kiakisi cha lori, chupa iliyotupwa mtaroni. Mstatili wa fedha ulioganda hewani unaweza kuwa chochote kati ya hivyo, naye hataondoa mguu kwenye mafuta kwa sababu ya kibao. Lakini nukta mbili zinazopanda na kushuka kwa kupokezana, chini karibu na lami, ni miguu ya mtu, na ubongo huitambua bila kufikiri. Majaribio yaliyofanywa Australia na Marekani, madereva wakiendesha magari halisi usiku, yameonyesha jambo hilo mara kwa mara: tepu ile ile ikihamishwa kutoka kifuani kwenda kwenye viungo, mtu hutambuliwa kutoka mbali zaidi.

Kuna sababu ya pili, ya kawaida tu. Taa zilizodimiwa humulika chini. Kifundo cha mguu hupata mwanga mapema na kwa wingi kuliko bega.

Kwa baiskeli, hivi ndivyo vile viakisi vya rangi ya chungwa kwenye pedeli vinavyofanya, na fundi wengi huvitupa wakibadilisha pedeli. Mwambie avirudishe. Kama pedeli mpya hazina mahali pa kuvifunga, bandika kipande cha tepu cha sentimita 10 upande wa nyuma wa kila mkono wa pedeli.

Tepu hii inauzwa wapi, na inabandikwaje isibanduke?

Maduka ya spea za magari, Kirinyaga Road kwa mfano, huuza kwa mita tepu ya malori. Hiyo ni ya prizimu, kali sana, lakini ngumu: inafaa madigadi, keria, sanduku na kofia ngumu. Kwa nguo tafuta ile laini ya kushona, ya upana wa sentimita 5, kwa wauzaji wa vifaa vya mafundi nguo au vya usalama kazini. Tepu ya gundi haikai kwenye nguo. Itatoka mfuo wa kwanza.

Mtu mzima hutumia hivi: sentimita 30 kwa kila kifundo cha mguu na 40 kwa kila goti, yaani mita moja na nusu ukihesabu ya kukosea. Izungushe mguu mzima. Kipande cha mbele peke yake hakina msaada kwa gari linalotoka nyuma au ubavuni. Kama hutaki kushona suruali, shona tepu kwenye ukanda wa velkro. Utavaa juu ya nguo yoyote, na upande wa mnyororo utazuia suruali isiliwe na gia.

Kwa baiskeli, futa chuma kwa kitambaa chenye spiriti, acha kikauke, kata kona za tepu ziwe mviringo, kisha bandika na ukandamize kwa kidole gumba nusu dakika. Usiiloweshe kwa siku nzima. Kona yenye ncha ndiyo huanza kuinuka, vumbi likaingia chini, na wiki ya pili tepu inapepea. Nyekundu iende nyuma, nyeupe mbele. Ukibadilisha, dereva atasoma kinyume mwelekeo wako. Kwenye rimu weka vipande vinane vya sentimita 5 kwa nafasi sawa, lakini kama breki zako hushika rimu, usiguse kabisa ile sehemu inayoshikwa. Tepu hapo ni sawa na grisi.

Nikishajipaka viakisi mwili mzima, taa ni za nini tena?

Kiakisi hufanya kazi pale tu taa za gari zinapokupiga, na kuna hali tatu ambapo hazikupigi. Ya kwanza ni gari linalotoka barabara ya kando. Taa zake zinatazama ng'ambo ya barabara, wewe unakuja kutoka ubavuni, na atakapokumulika utakuwa tayari mbele ya boneti. Ya pili ni gari lisilo na taa, au lenye jicho moja, au lililowasha zile ndogo za kuegeshea tu. Wakazi wa hapa hawahitaji kuelezwa. Ya tatu ni boda inayopanda njia ya baiskeli ikija kinyume na taa imezimwa ili kutunza betri. Hapo taa yako ndiyo taa pekee iliyopo.

Nahitaji lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) ngapi?

Kwa mbele, kwenye barabara yenye taa, lumeni 50 hadi 100 zinatosha kuonekana. Ambako hakuna taa, au zipo lakini nyaya zimeibwa, utahitaji 300 hadi 500 ili uone shimo na mfuniko wa bomba la maji taka uliotoweka. Nyuma, 20 hadi 50 zinatosha usiku. Taa ya nyuma ya lumeni 150 ni ya mchana; usiku inamchoma macho anayekufuata na kumnyima uwezo wa kukadiria umbali wako.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la taa isiyo na jina. Tochi yenye betri moja ndogo inayojitangaza kuwa na lumeni elfu kadhaa haina.

Elekeza taa ya mbele ipige lami mita 10 mbele yako. Kipimo ni rahisi: simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, na kiini cha mwanga kiangukie nusu ya kimo cha taa. Taa ikiwa sentimita 90 kutoka chini, kiini kiwe kwenye 45. Kikiwa juu ya hapo, unawapofusha wanaokuja, na aliyepofushwa huelekea kule anakotazama, yaani kwako.

Taa yangu ya nyuma ni nzuri na ina chaji, lakini wenzangu wanasema haionekani. Kwa nini?

Inatazama chini. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na ni la dakika moja kurekebisha. Bomba la kiti limelala kinyumenyume kwa nyuzi 17 hivi. Ukiifunga taa ikakaa sambamba na bomba, nayo itainama nyuzi 17, na kutoka kimo cha sentimita 80 mwanga wake utagonga lami chini ya mita tatu nyuma yako. Unamulika tairi lako. Taa nyingi hutoa mwanga mkali katikati na hafifu pembeni, kwa hiyo dereva aliye mita 100 nyuma anapata masalia. Kata kipande cha mpira wa tairi kuukuu, kikunje, kiweke chini ya ukingo wa chini wa kishikio mpaka uso wa taa usimame wima. Kisha rudi nyuma hatua 50 ukachuchumae kimo cha dereva wa saluni.

Baada ya hapo angalia kinachoifunika: pindo la koti la mvua, begi linaloning'inia, kreti ya maziwa kwenye keria. Mwenye kubeba mizigo afunge taa kwenye ncha ya nyuma ya keria, kamwe isiwe kwenye bomba la kiti. Na mwenye begi mgongoni akumbuke kwamba limeufunika mkanda wote wa jaketi. Shona tepu kwenye begi lenyewe.

Iwake moja kwa moja au imetamete?

Zote mbili, kama una taa mbili. Inayometameta huvuta jicho haraka katikati ya taa nyingi za mji, lakini dereva hukosa cha kushikilia akitaka kujua uko mbali kiasi gani. Inayowaka tuli humpa hilo. Ukiwa na moja tu, iwashe tuli gizani, na ya kumetameta iache kwa mchana na magharibi.

Nina baiskeli ya black mamba yenye dainamo ya zamani. Bado inafaa?

Inafaa sana, na haihitaji chaja. Dainamo za namna hiyo hutoa volti 6 na wati 3: 2.4 za mbele, 0.6 za nyuma. Matatizo yake yanajulikana. Balbu ya mbele ikiungua, umeme wote hukimbilia ya nyuma nayo ikaungua papo hapo, kwa hiyo beba zote mbili za akiba. Mvua ikinyesha, kichwa cha dainamo huteleza kwenye tairi. Mwombe fundi akaze springi na kulenga mhimili wa dainamo kwenye kitovu cha gurudumu. Kubwa zaidi, ukisimama taa hufa, na unasimama katikati ya barabara ukisubiri kukata kulia. Ongeza taa ndogo ya betri nyuma na kiakisi kikubwa chekundu kwenye madigadi.

Mkimbiaji avae nini, na akimbie upande gani?

Pasipo na njia ya miguu, kimbia upande wa kulia ukitazama magari yanayokuja. Mwendesha baiskeli yeye hukaa kushoto pamoja na magari. Hapo Kiambu Road, penye ukingo mwembamba, mkimbie kwa mstari mmoja, wa kwanza akiwa na taa nyeupe na wa mwisho nyekundu.

Taa ya kifuani au kiunoni inafaa kuliko ya kichwani kwa kuona ardhi, kwa sababu inaangaza kutoka chini na kila jiwe linatupa kivuli. Ya kichwani hufuta vivuli hivyo. Taa nyekundu ibanwe nyuma ya kiuno, ambako haitikisiki sana, na vifundo viwe na tepu zake. Sikio moja liwe wazi. Matatu ikikata kushoto kuingia steji, utausikia mwito wa makanga kabla hujaona indiketa, ikiwa itawashwa.

Mvua inabadilisha nini?

Karibu kila kitu. Lami iliyolowa huakisi taa zote za mji, na yako inapotea humo. Gari huhitaji umbali zaidi kusimama. Mkanda wa vishanga vya kioo vilivyo wazi hufifia ukifunikwa na maji, ilhali ule wa prizimu uliofunikwa na plastiki huvumilia. Kwa masika na vuli, basi, ongeza vipande vya prizimu. Taa iwe na alama ya kuzuia maji ya angalau IPX4, inayostahimili michirizi ya maji. Kizibo cha mpira cha tundu la chaji kisipofunga sawasawa, alama hiyo haina maana. Ukifika nyumbani pangusa taa kwa kitambaa chenye sabuni, maana moshi wa dizeli na vumbi jekundu hutengeneza utando unaokula mwanga bila wewe kugundua.

Jaketi ifue kwa mkono, maji baridi, bila jiki na bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo hupaka vishanga ute. Usiipige pasi juu ya mkanda.

Gari linalokuja na fuli linanipofusha. Nifanyeje?

Tazama ukingo wa kushoto wa barabara na upunguze mwendo, usishindane. Kumbuka pia kwamba gari linalokufuata limepofushwa na fuli hizo hizo, na kwa sekunde kadhaa baada ya kupishana halioni chochote kwenye kivuli kando yake. Hapo ndipo ulipo wewe.

Kuna mahali ambapo taa hazisaidii?

Upande wa kushoto wa lori au basi linalojiandaa kukata kushoto. Dereva hakuoni hata ungewaka kama mti wa Krismasi, kwa kuwa uko chini ya dirisha lake na nje ya kioo chake. Kaa nyuma. Na Expressway si yako: baiskeli na watembea kwa miguu hawaruhusiwi. Thika Road tumia njia ya kando na madaraja ya miguu, hata kama kupanda daraja na baiskeli begani ni adhabu.

Taa zikiibwa nikiegesha?

Zitaibwa. Chukua zile za kung'oka na uache zilizofungwa kwa skrubu na tepu iliyobandikwa, ambayo hakuna anayeitaka. Ukiitia taa begini, funga swichi yake kama ina kufuli, au igeuze betri. Swichi ikibonyezwa na daftari itawaka humo mchana kutwa, na jioni utaikuta imekufa.